Barua ya Wazi kwa Wenye Nyumba za Kupangisha wa Dar es Salaam

Waheshimiwa wenye nyumba,

Kwa taadhima zote wanazostahili watu waliojinyima ili wajenge, naomba ruhusa ya kusema nanyi hadharani juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa kwa hasira, ukumbini, usiku, nyumba ikiwa imezimika na kila mpangaji akimtuhumu mwenziwe kuwa ndiye aliyewasha kitu kisichofaa kuwashwa. Jambo lenyewe ni namna umeme unavyogawanywa ndani ya nyumba zenu. Mimi si mtunga sheria wala mwajiriwa wa shirika la umeme; ni mpangaji, tena fundi aliyeshika bisibisi na koleo kwa ujira katika nyumba za Magomeni, Temeke, Manzese na Kariakoo, na niliyoyaona ndani ya visanduku vya fyuzi yamenitosha kuamini kwamba ugomvi mwingi wa wapangaji, na baadhi ya mioto ambayo magazeti huiandika kwa jina jepesi la hitilafu ya umeme, una asili moja: nyumba ya watu wengi imetiwa umeme kana kwamba ni nyumba ya mtu mmoja mwenye taa tatu na redio.

Muradi wa barua hii ni kuwaombeni mgawanye umeme wa nyumba kwa insafu, yaani kila kazi iwe na njia yake, kila njia iwe na ulinzi wa kadiri yake, na kosa la chumba kimoja lisiwe adhabu ya vyumba sita.

Nyumba ninayoisema mnaijua kuliko niijuavyo mimi, kwani ndiyo iliyojenga mitaa ya zamani ya mji huu. Ina ukumbi ulionyooka toka mlango wa barazani hadi mlango wa uani, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto, na huko uani kuna jiko, bafu, choo na mapipa ya maji. Leo kila chumba ni makao ya aila yake, nayo kila aila ina feni, televisheni, pasi na birika la umeme, na zilizojaliwa zaidi zina jokofu na jiko la koili. Umeme hutoka nguzoni, ukapita katika mita ya LUKU, yaani ya kulipia kabla ya kutumia, ukaingia katika swichi kuu, kisha ukafika katika kisanduku cha breka, ambacho mafundi hukiita DB. Na hapo ndipo panapoamuliwa kama nyumba itakuwa na usalama au itakuwa na bahati tu, kwani toka hapo umeme hugawanywa katika njia mbalimbali ziitwazo sakiti, kila sakiti ikiwa na breka yake. Katika nyumba nyingi nilizozifungua, sakiti ni mbili: moja ya taa zote, na ya pili ya soketi zote, za vyumba sita na za uani pamoja. Katika nyumba kadhaa nimekuta ni moja tu.

Laiti ningepata wasaa wa kuwaita mmoja mmoja mtazame kifuniko cha kisanduku hicho kinapoondolewa, barua hii isingekuwa na haja ya kuwa ndefu. Mngeona waya uliokuwa mwekundu umegeuka rangi ya kahawia toka pale unapoingia katika breka, na plastiki yake imekauka hata ukiipinda kidogo hupasuka na kuacha shaba wazi. Mngeona skrubu iliyolegea, na juu yake doa jeusi la moshi. Na katika visanduku vya kale vyenye fyuzi za kigae mngeona kwamba mahali pa ule uzi mwembamba unaopaswa kuyeyuka umeme unapozidi pamesokotwa nyuzi nene za shaba, zilizochunwa katika waya wa ekstensheni, ambazo haziyeyuki hata ukuta ukianza kufuka moshi. Hayo yote hayaonekani kwa mtu aliyesimama ukumbini. Taa zinawaka, feni inazunguka, na mwenye nyumba hupokea kodi yake ya miezi sita akiwa na raha ya moyo.

Watu wengi hudhani kwamba breka imewekwa kwa ajili ya televisheni na jokofu. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya uliofichwa ukutani usipate joto la kuunguza plastiki yake, na kwa sababu hiyo ukubwa wa breka hufuata unene wa waya, haufuati tamaa ya mtumiaji. Waya wa 1.5, yaani wenye eneo la milimita mraba 1.5 ukikatwa, ni wa taa, nao hulindwa kwa breka ya ampea 6 au 10. Waya wa 2.5 ni wa soketi, kwa breka ya ampea 16 au 20. Waya wa 6 ni wa jiko kubwa au hita ya kuogea, kwa breka ya ampea 32. Fundi anayezijua hesabu hizi hazivunji, na asiyezijua hafai kupewa ngazi ya kupandia darini mwenu.

Nanyi mnaweza kuzifanya hesabu hizo wenyewe. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, na mtu akitaka kujua chombo huvuta ampea ngapi, agawanye wati zake kwa 230. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Jiko la koili mbili, la wati 2,000, vivyo hivyo. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5 na kidogo. Basi wapangaji wanne wakikutana saa kumi na mbili asubuhi, wawili wakichemsha maji ya chai, mmoja akipiga pasi sare za watoto, na mmoja akikaanga maandazi, huwa wamevuta ampea 31 kabla jokofu moja halijahesabiwa, na wote wanne wanazivuta katika waya mmoja wa 2.5 wenye breka ya ampea 20. Breka huvumilia kitambo, kisha hukatika, nayo itakuwa imetimiza dhamana yake.

Hapo ndipo taksiri kubwa hutendeka. Huitwa fundi wa karibu, naye, kwa kuwa ameahidiwa ujira mdogo na kuharakishwa, huondoa breka ya ampea 20 akatia ya 40. Kweli nyumba haizimiki tena, na mwenye nyumba humsifu, lakini yaliyofanyika ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele alipomwona mwizi. Waya ni ule ule. Tena joto la waya halipandi hatua moja kwa hatua moja na umeme unaopita ndani yake. Hupanda kwa mraba wake, hata umeme ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Waya uliokuwa vuguvugu kwa ampea 20 huwa tanuri kwa ampea 40, na kama umepita juu ya dari ya mbao, karibu na viguzo vya mikoko vilivyokauka kwa miaka hamsini, hapana haja ya kumtafuta mchawi siku nyumba itakapoungua.

Sababu ya pili ya kugawanya, baada ya hiyo ya moto, ni giza. Taa hazina haja ya umeme mwingi siku hizi: taa kumi na mbili za LED, za wati 9 kila moja, zote pamoja hazifiki nusu ya ampea. Maadamu hivyo ndivyo, hapana udhuru wa kuzifunga katika sakiti moja na soketi, ambako pasi ya mtu mmoja huweza kuwazimia taa wazee na watoto wa vyumba vingine, wakaanza kupapasa kutafuta kibiriti na mshumaa, na moto ukaja kwa mlango mwingine. Wala haifai taa zote za nyumba ziwe katika sakiti moja peke yake; zikigawanywa mbili, hitilafu ya upande mmoja huacha upande wa pili una nuru ya kutosha watu kuonana na fundi kufanya kazi yake.

Sasa niseme kidogo juu ya asili ya desturi tuliyorithi, kwani baadhi ya mafundi wataitumia kunijibu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumba za Uingereza zilikuwa na plagi za pini za duara za ukubwa mbalimbali, na soketi kubwa ya ampea 15 aghalabu ilikuwa na waya wake peke yake toka kisanduku cha fyuzi. Vita ilipokuwa ingali inapiganwa, wataalamu wa huko wakakaa kufikiri juu ya nyumba zitakazojengwa baadaye, na kwa kuwa shaba ilikuwa adimu, wakaja na njia ya kuipunguza: waya mmoja utoke katika fyuzi, uzunguke soketi zote, kisha urudi katika fyuzi ile ile, hata kila soketi ipate umeme kwa pande mbili. Pamoja na njia hiyo ikaja plagi ya pini tatu bapa, yenye fyuzi ndani yake, ambayo kanuni yake ilitolewa mwaka 1947, nayo ndiyo ile ile tunayoiona leo katika kuta za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa. Mzunguko huo huitwa ringi, na kwa kuwa waya wa 2.5 hupokea mzigo kwa pande mbili, uliruhusiwa kulindwa kwa fyuzi ya ampea 30, na leo breka ya 32, katika eneo la sakafu lisilozidi mita mraba 100.

Siitukani ringi, ni kazi ya watu wenye akili. Lakini ilikuja na masharti, nasi tukaichukua tukayaacha masharti yake nje. Sharti la kwanza ni plagi yenye fyuzi ya kadiri ya chombo, ilhali katika vyumba vya wapangaji wenu plagi nyingi ni za pini mbili zisizo na fyuzi, na ili ziingie, mtu huchomeka kifuniko cha kalamu katika tundu la juu la soketi, vijilango vya usalama vikafunguka, kisha akaisukuma plagi kwa nguvu ikakaa upande. Sharti la pili ni kwamba duara lisikatike. Waya ukichomoka nyuma ya soketi moja, kila soketi itaendelea kufanya kazi, birika litachemka na pasi itapata moto, wala hapana mtu atakayejua kwamba sasa upande mmoja wa waya umebeba mzigo wa pande mbili chini ya breka ya ampea 32. Kwa nyumba ya mtu mmoja aliye mwangalifu, anayemleta fundi na vipimo vyake kila baada ya miaka kadhaa, ringi yafaa. Kwa nyumba ya aila sita, ambamo hapana anayejiona kuwa ndiye mwenye dhamana ya ukuta, rai yangu ni kwamba kila chumba kipewe waya wake utokao kisandukuni na kuishia chumbani humo.

Niingie uani, ambako hatari ni kubwa na hadhari ni ndogo. Huko maji humwagika, miguu huwa mitupu, na siku hizi kuna pampu ya kupandisha maji tangini, na pengine hita ya kuogea ipashayo maji papo kwa papo, ambayo ikiwa ya wati 5,500 huvuta ampea 24 peke yake na kwa hiyo haifai kabisa kuungwa katika soketi za wengine. Hapa lazima niseme jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau: breka ya kawaida haimlindi mtu. Breka ya ampea 6, iliyo ndogo kuliko zote katika nyumba, huziruhusu ampea 6 zipite bila ya kushtuka, ilhali sehemu thelathini tu za elfu za ampea moja, zikipita kifuani mwa mtu kwa kitambo, huweza kumhatarishia uhai. Ampea 6 ni mara 200 ya kiasi hicho.

Mtasema kuna fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje. Ni vyema iwepo, na nyumba isiyokuwa nayo haifai kupangishwa. Lakini ardhi kavu ya mchanga haipokei umeme kwa wepesi, na fimbo moja fupi huweza kuwa na ukinzani wa omu 50 au zaidi. Tuseme waya umechubuka ukagusa bati la jokofu: 230 gawanya kwa 50 ni ampea 4.6, kiasi kisichotosha kuikata breka ya ampea 6, sembuse ya 20. Bati litabaki na umeme usiku kucha, na wa kwanza kulishika alfajiri ndiye atakayeugundua. Dawa yake ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Chenyewe hulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi, na vikitofautiana kwa zile sehemu thelathini za elfu, hukata yote chini ya theluthi ya sekunde. Kina kitufe cha kujaribia, ambacho mtu yeyote aweza kukibonyeza kila baada ya miezi michache; kisipokatika, kibadilishwe siku hiyo hiyo. Wala kisiwe kimoja kwa nyumba nzima, kwani birika bovu la mpangaji mmoja litawazimia wote, nasi tutakuwa tumeurudia ugomvi tulioukimbia.

Lipo na jambo la nyutro, yaani waya unaourudisha umeme. Kila sakiti iwe na nyutro yake. Fundi mvivu, akitaka kuokoa mita chache za waya, huazima nyutro ya sakiti ya jirani, na taa ikawaka bila kasoro inayoonekana. Lakini siku fundi mwingine atakapoizima breka ya taa na kupanda darini akiamini kwamba hapana umeme, atakuta ile nyutro aliyoifungua bado ina mzigo wa sakiti ya pili, nayo itampiga. Kadhalika swichi ya taa ikate waya wa moto, isikate nyutro, ama sivyo mtu anayebadilisha taa hushika tundu lenye umeme akidhani amekwisha kuuzima.

Kwa nyumba ya vyumba sita, basi, nashauri kisanduku chenye nafasi za sakiti kumi na mbili, mbali na nafasi za swichi kuu na za RCD. Mbili ziwe za taa za vyumba, mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Ya tatu iwe ya taa za ukumbi, baraza na uani. Sita ziwe za soketi, chumba kwa chumba. Ya kumi iwe ya jiko la uani. Ya kumi na moja iwe ya pampu au ya hita, na kama vyote viwili vipo, hita ichukue nafasi iliyobaki. Na kama kipo kimoja tu, nafasi hiyo iachwe kwa haja ya baadaye. Mpangaji akizidisha vyombo, breka ya chumba chake ndiyo itakayokatika, taa yake itabaki ikiwaka, na majirani zake hawatajua hata lililotokea. Ndani ya mlango wa kisanduku pabandikwe karatasi, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, kueleza kila breka inahudumia nini.

Nazijua hoja za gharama, wala sizidharau, kwani saruji na mabati vimekwisha kuwamaliza. Lakini nyumba mpya haiongezewi gharama kubwa na breka za ziada; kazi nzito ya umeme ni kuchimba ukuta na kupitisha mabomba, na kabla ya lipu mabomba sita hayachoshi sana kuliko mawili. Nyumba ya zamani nayo haina haja ya kubomolewa, kwani waya zaweza kupita juu ya ukuta katika mifereji ya plastiki, chumba kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, kwa kuanza na uani. Isitoshe, soketi za kila chumba zikishatengwa, ni wepesi kuweka mita ndogo ya kila mpangaji, na ule mchango wa LUKU unaokadiriwa kwa kutazamana usoni ukafa. Na anayeweza kuomba mita za shirika zaidi ya moja aombe, kwani bei nafuu ya wateja wadogo ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na aila sita zilizorundikwa katika mita moja hukivuka kikomo hicho mapema, maskini wakalipa bei ya wasiokuwa maskini.

Fauka ya hayo, nawasihi mchague fundi kwa leseni yake. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za mafundi umeme kwa madaraja, na mwenye leseni haoni haya kuionyesha. Mwambieni awachoree ramani ya sakiti zote, aipime kazi yake mbele yenu kabla ya umeme kuwashwa, na ramani ile muihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Na mpangaji mpya anapokabidhiwa ufunguo, aonyeshwe siku hiyo hiyo mahali ilipo swichi kuu na namna ya kuizima gizani, kwani kisanduku kilichofungiwa katika chumba cha mwenye nyumba aliyesafiri hakimwokoi mtu.

Nasi wapangaji tuna wajibu wetu: tusichomeke kalamu katika soketi, tusifungamanishe ekstensheni tatu katika tundu moja, na tusimbembeleze fundi atie breka kubwa ili tupikie pamoja. Lakini ukuta ni wenu, na waya uliomo ndani yake ni wenu. Kodi mnayoipokea ni ijara ya paa, mlango na usalama wa mtu anapolala, na nyumba ambayo umeme wake haukugawanywa kwa insafu haijatimiza la tatu. Kabla ya kuipokea kodi ijayo, fungueni kisanduku cha nyumba zenu, hesabuni breka, na mkikuta ni mbili, mwiteni fundi.

Ndimi mpangaji wenu.